Jean-Bertrand Aristide wa Haiti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, habari za Haiti zimehamia vijiweni. Na Haiti ikishatajwa, haupiti muda kabla mtu hajauliza: "Na yule padri aliyekuwa rais, siku hizi yuko wapi?" Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila mara. Wanaoyauliza ni wazee waliosikia habari zake redioni mwaka 1991, na vijana waliozaliwa baada ya yeye kuondolewa mara ya pili. Mwenye haraka aende moja kwa moja swali la 15, maana ndilo linalogombanisha watu.

## Mtu mwenyewe

1. Kwa ufupi, Aristide ni nani?

Ni aliyekuwa padri Mkatoliki wa mtaa wa mabanda, baadaye rais wa Haiti, na rais wa kwanza wa nchi hiyo kuchaguliwa katika uchaguzi unaokubalika na wengi kuwa ulikuwa huru. Alishinda Desemba 1990, akaapishwa 7 Februari 1991, akapinduliwa na jeshi Septemba mwaka huo huo. Alirudishwa Oktoba 1994 na askari wa Marekani, akamaliza muhula wake Februari 1996. Alichaguliwa tena, akaapishwa 7 Februari 2001, na 29 Februari 2004 akapandishwa ndege iliyomtoa nchini. Kuanguka mara mbili, kurudi mara mbili. Mengine yote ni ufafanuzi wa hayo.

2. Je, ndiye yule rais aliyeuawa nyumbani kwake usiku?

Hapana. Huyo ni Jovenel Moïse, aliyeuawa 7 Julai 2021. Aristide wakati huo alikuwa Kuba kwa matibabu, akarejea nyumbani siku chache baadaye. Wengine humchanganya na Jean-Claude Duvalier, "Baby Doc", dikteta aliyekimbilia Ufaransa 7 Februari 1986. Huyo alikuwa adui yake. Tarehe 7 Februari ndiyo iliyowekwa na katiba ya 1987 kuwa siku ya kuapishwa rais, kwa hiyo utaiona mara nyingi humu.

3. Alizaliwa wapi na alisomea wapi?

Alizaliwa 15 Julai 1953 huko Port-Salut, pwani ya kusini. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mchanga, na mama akahamia mji mkuu na watoto wake kutafuta riziki. Huko akasomeshwa na Wasalesiani, wale wale wa Don Bosco wanaojulikana kwa vyuo vya ufundi Kenya na Tanzania. Alimaliza sekondari Cap-Haïtien mwaka 1974, akafanya unovisi Jamhuri ya Dominika, akasoma falsafa na saikolojia nyumbani, kisha Biblia huko Israeli. Alipewa daraja la upadri mwaka 1982.

Lugha ni jambo la kushikwa mapema katika habari zake. Anajua kadhaa, Kiebrania kikiwemo, lakini iliyomjenga ni Kikrioli, lugha ya Wahaiti wote. Kwa vizazi vingi shughuli za serikali na mahakama zilikwenda kwa Kifaransa, ambacho walio wengi hawakijui. Padri aliyepanda mimbarini akasema Kikrioli cha sokoni, kwa methali na mafumbo, alikuwa tayari amefanya siasa kabla hajamtaja mwanasiasa yeyote.

4. Kwa nini wanamwita Titid, na Lavalas maana yake nini?

Titid ni jina la mapenzi lililokatwa kutoka Aristide. Ni mtu mfupi, mwembamba, mwenye miwani, na jina hilo dogo lilimkaa.

Lavalas ni maji ya mvua yanayoporomoka mlimani na kuzoa kila kitu; kwetu tungesema mafuriko, au gharika. Wafuasi wake walikuwa na msemo: peke yetu tu wanyonge, pamoja tuna nguvu, sote kwa pamoja sisi ni Lavalas. Chama alichokianzisha mwaka 1996 kinaitwa Fanmi Lavalas, yaani familia ya Lavalas. Kaulimbiu yao nyingine, "tout moun se moun", haihitaji mkalimani mkubwa: kila mtu ni mtu.

## Kutoka altareni hadi ikulu

5. Padri aliingiaje kwenye siasa?

Kupitia kitu ambacho Mkatoliki wa Afrika Mashariki anakijua vizuri: jumuiya ndogondogo. Haiti waliziita "ti legliz", kanisa dogo. Watu wa mtaa mmoja walikutana, wakasoma Injili, wakaulizana inasema nini kuhusu njaa yao. Tofauti ni kwamba kule walikuwa chini ya Duvalier na wanamgambo wake, Tonton Macoute, na swali la njaa halikuweza kubaki la kiroho tu. Papa Yohane Paulo II alipofika Port-au-Prince Machi 1983 alisema hadharani kuwa kuna jambo lazima libadilike. Mapadri vijana waliokuwa wakifuata teolojia ya ukombozi walilichukua neno hilo kama ruhusa.

Aristide alipelekwa Kanada kwa masomo, akarejea 1985 na hatimaye kupewa kanisa la Mtakatifu Yohane Bosco, La Saline, mojawapo ya mitaa fukara kabisa ya mji mkuu. Mahubiri yake yalirushwa redioni na kunakiliwa kwenye kanda. Mwaka 1986 alianzisha Lafanmi Selavi, makao ya watoto wa mitaani. Wakubwa wake kanisani walijaribu kumhamisha, vijana wakagoma kula ndani ya kanisa kuu mpaka uamuzi ukatenguliwa.

6. Ni kweli kanisa lake lilichomwa moto watu wakiwa misani?

Kweli. Jumapili, 11 Septemba 1988, watu wenye bunduki na mapanga waliingia kanisani katikati ya misa, wakaua watu wasiopungua 13, wakajeruhi makumi, wakaliteketeza jengo. Askari na polisi hawakuzuia kitu. Aristide alitolewa akiwa hai. Jenerali Henri Namphy, aliyekuwa akitawala, aliangushwa na wanajeshi wenzake wiki moja tu baadaye.

Kilichofuata ndicho kinachowashangaza wengi. Desemba mwaka huo Wasalesiani walimfukuza shirikani kwa kuchanganya dini na siasa. Machoni pa waumini wa La Saline, mchungaji aliyenusurika kuuawa alikuwa ameadhibiwa na waliopaswa kumlinda. Nafikiri siku hiyo ndipo wengi walipoacha kumwona kama padri wao na kuanza kumwona kama mtu aliyetumwa. Ni sifa nzuri ya kushindia kura, ila ni mzigo mzito wa kutawalia.

7. Alishindaje mwaka 1990 bila chama cha maana?

Aliingia mbioni katika dakika za mwisho, Oktoba, baada ya Roger Lafontant, aliyekuwa waziri wa Duvalier na mkuu wa Macoute, kutangaza kuwa naye atagombea. Watu ambao hawakuwa na hamu na uchaguzi wakapanga foleni kujiandikisha. Muungano ulioitwa FNCD ulimpa tiketi na nembo ya jogoo. Tarehe 16 Desemba alipata takriban asilimia 67 ya kura katika duru ya kwanza. Marc Bazin, aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia na aliyeonekana kupendwa na Washington, alipata kama asilimia 14.

Lafontant hakukubali. Usiku wa kuamkia 7 Januari 1991 alijaribu kunyakua ikulu. Wakazi wa mitaa ya mabanda walijaa barabarani, na jeshi likaona afadhali limkamate.

## Kuanguka kwa kwanza na kurudi

8. Kwa nini alidumu miezi saba tu?

Jibu fupi: aligusa walioshika bunduki na walioshika fedha kwa wakati mmoja, naye hakuwa na kimojawapo. Aliwastaafisha majenerali, akawafuta wakuu wa vitongoji wa kijeshi waliokuwa wakiwatoza na kuwatesa wakulima, akataka matajiri walipe kodi, akataka kupandisha kima cha chini cha mshahara. Kwa nchi iliyozoea mambo yake, hayo yalitosha.

Lakini si haki kuishia hapo. Aliwapuuza wabunge, hata wa muungano uliompa tiketi, akamteua rafiki yake René Préval kuwa waziri mkuu bila kuwashauri. Agosti bunge lilipotaka kumwondoa Préval, umati wa wafuasi wa rais ulilizingira, na baadhi ya wabunge walipigwa. Ipo pia hotuba ya 27 Septemba 1991 ambayo hadi leo wapinzani wake huinukuu: wanasema alisifu mauaji ya kumvisha mtu tairi lenye moto. Watetezi wake wanasema chombo alichokuwa akikisifu ni katiba. Alizungumza kwa mafumbo, kama kawaida yake. Mimi naona rais hana ruhusa ya kutumia fumbo la namna hiyo mbele ya umati wenye hasira.

Siku tatu baadaye, 30 Septemba, alikuwa amepinduliwa. Kiongozi wa mapinduzi alikuwa Raoul Cédras, ambaye Aristide mwenyewe alikuwa amemkaimisha ukuu wa majeshi. Maisha yake yaliokolewa kwa juhudi za mabalozi, wa Ufaransa akiwa mstari wa mbele, na ndege ikampeleka Venezuela. Kumbuka hilo la Ufaransa ukifika swali la 14.

9. Ilikuwaje Haiti wakati hayupo?

Watu kati ya 3,000 na 5,000 wanakadiriwa kuuawa katika miaka mitatu. Kikundi cha wanamgambo kilichoitwa FRAPH kilifanya kazi ya kuvunja mitaa iliyompigia kura. Mwanzilishi wake, Emmanuel Constant, alikuja kukiri kuwa alikuwa akilipwa na CIA. Mfanyabiashara Antoine Izméry, aliyemfadhili Aristide, alitolewa kanisani na kuuawa Septemba 1993. Mwezi uliofuata akauawa waziri wa sheria, Guy Malary. Makumi ya maelfu waliingia majini kwa vimashua. Marekani iliwakamata baharini, wengi ikawaweka Guantánamo au kuwarudisha walikotoka. Vatikani peke yake ndiyo iliyoutambua utawala wa wanajeshi, jambo ambalo padri aliyeko uhamishoni hakulisahau.

10. Kwa hiyo Marekani ile ile ndiyo iliyomrudisha?

Ndiyo, na ndiyo sababu watu wanachanganyikiwa. Uhamishoni Washington alipata marafiki, hasa wabunge Weusi, na Bill Clinton alikuwa ameshaahidi mengi. Wakimbizi nao walikuwa wakiendelea kufika Florida, na hilo lilimsumbua Clinton kuliko hotuba yoyote. Julai 1993 mkataba ulisainiwa Governors Island, New York, wanajeshi wakaukiuka. Julai 1994 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 940 la kuruhusu nguvu kutumika. Ndege zikiwa njiani, Jimmy Carter, Colin Powell na seneta Sam Nunn walimshawishi Cédras aondoke bila vita. Askari wapatao 20,000 walitua kuanzia 19 Septemba, na Aristide akarudi ikulu 15 Oktoba 1994.

Alirudi na masharti mfukoni. Soma swali la 12.

11. Kwa nini alivunja jeshi?

Kwa sababu tangu kuundwa upya chini ya ukaliaji wa Marekani wa 1915 hadi 1934, jeshi la Haiti lilipigana zaidi na Wahaiti kuliko na adui wa nje. Mwaka 1995 alilivunja, likiwa na watu kama 7,000, akaunda polisi wa taifa. Naamini ndilo jambo kubwa alilolifanya, na watu wa mitaani walilishangilia kuliko sera yoyote.

Waliovunjwa hawakunyang'anywa bunduki zote. Wengine walivuka mpaka, wakangoja Jamhuri ya Dominika, na walirudi mwaka 2004. Jeshi lenyewe lilirudishwa rasmi chini ya Moïse mwaka 2017.

12. Hadithi ya mchele ni ipi?

Sehemu ya bei ya kurudishwa ilikuwa kukubali mpango wa marekebisho ya uchumi wa wafadhili. Mwaka 1995 ushuru wa mchele kutoka nje ulishushwa hadi asilimia 3. Mchele wa Marekani, uliopewa ruzuku na serikali yake, ukajaa sokoni. Wahaiti wanauita "diri Miami". Wakulima wa bonde la Artibonite, walioilisha nchi, hawakuweza kushindana nao. Vijana wao wakahamia mitaa ya mabanda ya mji mkuu.

Machi 2010 Clinton alikiri mbele ya kamati ya Seneti kuwa sera hiyo iliwafaa baadhi ya wakulima wa jimbo lake la Arkansas lakini ilikuwa kosa, na kwamba yeye anaishi na matokeo yake. Je, Aristide angeweza kukataa? Angebaki Washington. Alikubali, halafu akawa anavuta miguu kwenye ubinafsishaji wa mashirika ya umma, na mwishowe hakuwaridhisha wafadhili wala wakulima.

## Awamu ya pili

13. Uchaguzi wa mwaka 2000 uliibwa?

Kulikuwa na chaguzi mbili. Ule wa bunge wa 21 Mei 2000 ulikwenda vizuri siku ya kupiga kura, lakini katika viti kadhaa vya Seneti hesabu ilifanywa kwa kuwachukua wagombea wa juu tu, hivyo wa Lavalas wakavuka asilimia 50 bila duru ya pili. Jumuiya ya Nchi za Amerika, OAS, ililipinga hilo, na ilikuwa sahihi. Uchungu wa mambo ni kwamba wengi wa hao wangeshinda tu duru ya pili. Ule wa urais wa 26 Novemba upinzani uliususia, Aristide akapata zaidi ya asilimia 90.

Adhabu iliyofuata ilikuwa nzito kuliko kosa. Misaada ya serikali kwa serikali ilifungwa, na mikopo ya dola milioni 146 ya Benki ya Maendeleo ya Amerika kwa ajili ya maji, afya, elimu na barabara ikakwama. Serikali ikabaki na umaarufu bila fedha. Hapo ndipo wanapoingia wale vijana wenye silaha wa mitaani walioitwa "chimè", baadhi yao wakiwa wametoka katika vikundi vya wafuasi wake, waliovunja maandamano ya wapinzani na kutishia waandishi wa habari. Watetezi wa Aristide husema neno chimè lilikuwa tusi la matajiri kwa kila kijana fukara, na mara nyingi ndivyo lilivyotumika. Lakini mwandishi Brignol Lindor aliuawa kwa mapanga Desemba 2001, na walioshutumiwa walikuwa watu wa kikundi kinachoiunga mkono serikali. Uchunguzi wa kuuawa kwa Jean Dominique, mtangazaji mashuhuri aliyepigwa risasi 3 Aprili 2000, nao ulisuasua katika muhula wake wote. Aliyehubiri juu ya waliouawa La Saline alipaswa kulijua hilo kuliko yeyote.

14. Ni kweli aliidai Ufaransa mabilioni, mpaka senti?

Dola 21,685,135,571 na senti 48. Alitangaza dai hilo 7 Aprili 2003, siku ya kutimia miaka 200 tangu Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya watumwa wa Haiti, afie gerezani Ufaransa.

Deni lenyewe si la kubuni. Mwaka 1825 mfalme Charles X alituma manowari na hati: Haiti ilipe faranga milioni 150 kuwafidia wamiliki wa zamani kwa mashamba na watumwa waliopoteza, ndipo uhuru wake utambuliwe. Yaani waliokuwa watumwa wawalipe fidia mabwana zao. Mwaka 1838 kiasi kilipunguzwa, jumla ikawa milioni 90, lakini Haiti ilikuwa imeshakopa katika mabenki ya Ufaransa ili kulipa, na madeni yaliyotokana na hayo hayakwisha hadi 1947. Wataalamu wa Aristide walichukua kiasi hicho, wakaweka riba, wakapata jibu hadi senti. Wakosoaji walizicheka senti 48. Mimi naona zilikuwa ujanja wa mhubiri: namba ya kukadiria husahaulika, ila hiyo watu wameikumbuka.

Ufaransa ilikataa. Baada ya Aristide kuondolewa, serikali ya mpito ililiacha dai hilo katika wiki zake za mwanzo. Dai halikufa: Aprili 2025, miaka 200 baada ya hati ya Charles X, Emmanuel Macron alitangaza tume ya pamoja ya wanahistoria kuchunguza suala hilo.

15. Alijiuzulu au alitekwa?

Yasiyobishaniwa ni haya. Waasi walianza Gonaïves 5 Februari 2004. Walijumuika na wanajeshi wa zamani waliovuka mpaka wakiongozwa na Guy Philippe, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi na ambaye mwaka 2017 alikiri kosa la kutakatisha fedha za dawa za kulevya mbele ya mahakama ya Marekani. Cap-Haïtien iliangukia mikononi mwao 22 Februari. Nchi za Karibea, CARICOM, zilipendekeza kugawana madaraka. Aristide alikubali, wapinzani wakakataa. Ufaransa ikamtaka hadharani aondoke. Afrika Kusini ilituma ndege iliyobeba silaha kwa ajili ya polisi wa Haiti, haikuwahi. Alfajiri ya 29 Februari, tarehe inayokuja mara moja kila miaka minne, maofisa wa Marekani walimsindikiza uwanja wa ndege na mkewe, wakapanda ndege ya Marekani bila kuambiwa inakwenda wapi.

Marekani inasema aliomba kuondoka na alisaini barua ya kujiuzulu. Aristide anasema aliambiwa aondoke au yeye na wengi watauawa, na kwamba huko ni kutekwa. Barua ilikuwa ya Kikrioli, na wafasiri waligombana juu yake. Tafsiri ya ubalozi ilisomeka kuwa anajiuzulu usiku huo kuepusha umwagaji damu. Mtaalamu wa Kikrioli aliyeitwa kuikagua alisoma sharti ndani yake: *ikiwa* kujiuzulu kwake ndiko kutakakozuia umwagaji damu, anakubali kuondoka. Padri wa mafumbo alikuwa ameacha fumbo la mwisho mezani.

CARICOM ilitaka uchunguzi wa kimataifa, haukufanyika. Mwaka 2022 Thierry Burkard, aliyekuwa balozi wa Ufaransa wakati huo, aliliambia gazeti la New York Times kuwa Ufaransa na Marekani kwa hakika zilipanga mapinduzi, na kwamba kuondoka kwa Aristide kulirahisisha pia kuzimika kwa dai la fidia. Ukiniuliza mimi: mtu aliyewekwa kati ya waasi wanaokaribia na ndege ya dola kubwa, akaambiwa achague, hakujiuzulu kwa maana ambayo sisi tunalitumia neno hilo. Wala si kwamba angeweza kubaki. Polisi wake walikuwa wameshatawanyika, na umati uliomwokoa Januari 1991 haukutokea kwa wingi ule.

## Afrika

16. Kwa nini alishushwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kati ya nchi zote?

Kwa sababu ilikubali kumpokea, baada ya simu kadhaa zilizoihusisha Ufaransa. Rais aliyelia kuwa amepinduliwa akawa mgeni wa François Bozizé, aliyeingia Bangui kwa mtutu Machi 2003. Pale uwanjani aliyageuza maneno ya Toussaint: wameukata mti wa amani, lakini utachipua tena kwa kuwa mizizi iko hai. Wiki mbili baadaye mbunge wa Marekani Maxine Waters na wenzake walikodi ndege, wakamchukua na kumpeleka Jamaika, Washington ikinuna. Mwisho wa Mei 2004 akahamia Afrika Kusini.

17. Alifanya nini Afrika Kusini miaka saba?

Alisoma. Thabo Mbeki, kiongozi pekee mwenye uzito kutoka Afrika aliyehudhuria sherehe za miaka 200 ya uhuru wa Haiti tarehe 1 Januari 2004, alimpa makazi Pretoria, na wapinzani wa Mbeki wakalalamikia gharama. Aristide aliingia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kama mtafiti, akajifunza Kizulu, na mwaka 2007 akapata shahada ya uzamivu katika lugha za Kiafrika kwa tasnifu inayokiweka Kizulu kando ya Kikrioli. Marais wengi walio uhamishoni huandika kumbukumbu za kujitetea. Huyu alikwenda kutafuta mababu wa lugha yake.

## Baada ya kurudi, na maswali ya pembeni

18. Alirudi lini, na anaishi wapi?

18 Machi 2011, akifuatana na mwigizaji Danny Glover, siku mbili kabla ya duru ya pili ya uchaguzi ambao Michel Martelly alishinda. Marekani ilitaka asubiri, yeye hakusubiri. Chama chake kilikuwa kimezuiwa kushiriki. Umati uliufuata msafara wake hadi nyumbani Tabarre na kuparamia ukuta. Tangu hapo amejishughulisha zaidi na chuo kikuu cha taasisi yake, UNIFA, chenye kitivo cha udaktari. Kilianzishwa 2001, na mwaka 2004 majengo yake yalitumiwa na askari wa kigeni.

19. Bado ni padri?

Hapana. Aliacha upadri mwaka 1994, na Januari 1996 akamwoa Mildred Trouillot, mwanasheria Mmarekani mwenye asili ya Haiti. Wana mabinti wawili. Jambo lingine linaloulizwa pamoja na hilo: ndiyo, ni yeye aliyetoa amri ya Aprili 2003 ya kuitambua Vodou kama dini rasmi, yenye haki ya kufungisha ndoa na kubatiza.

20. Amewahi kuhukumiwa kwa ufisadi au dawa za kulevya?

Hajahukumiwa. Baadhi ya watu waliokuwa karibu na serikali yake walitiwa hatiani Miami, na mfanyabiashara mmoja wa dawa za kulevya alimtaja mahakamani mwaka 2004, lakini Marekani haikumfungulia mashtaka. Mwaka 2014 jaji mmoja wa Haiti aliagiza akamatwe, kisha azuiliwe nyumbani kwake. Mawakili wake walipinga mamlaka ya jaji huyo, na hakuna kesi iliyofika hukumu.

21. Je, magenge yaliyopambana na polisi wa Kenya ni watoto wa Aristide?

Swali hili huulizwa kana kwamba jibu lake ni moja. Kuwapa vijana wa mabanda silaha kwa ajili ya siasa kulianza na Duvalier, na wanasiasa na wafanyabiashara wa kambi mbalimbali waliendelea nako baada ya 2004. Aristide ana fungu lake (swali la 13). Lakini magenge yaliyokuwa yakishika sehemu kubwa ya Port-au-Prince wakati Baraza la Usalama lilipopitisha azimio namba 2699 la Oktoba 2023, lililoruhusu kikosi kilichoongozwa na Kenya, yalikuwa yamekua chini ya watawala wengine, kwa bunduki zinazotoka zaidi Marekani.

22. Chama chake bado kipo?

Kipo, kikiwa dhaifu kuliko zamani. Kilipewa kiti katika baraza la mpito lililoundwa 2024, na mwakilishi wake, Leslie Voltaire, aliyewahi kuwa waziri wa Aristide, aliongoza baraza hilo kuanzia Oktoba 2024 hadi Machi 2025.

23. Anaweza kugombea tena?

Katiba ya 1987 inaruhusu mihula miwili isiyofuatana, na inakataza wa tatu kwa hali yoyote. Yeye ameshahesabiwa yote miwili. Wa kwanza alitumia miaka mitatu yake uhamishoni, na wafuasi wake walipodai mwaka 1995 arudishiwe miaka hiyo walikataliwa. Wa pili ulikatwa ukiwa umebaki karibu miaka miwili.